Matembezi ya usiku Msitu wa Ngezi, Pemba: huduma, muongozaji, na sheria ya bundi wetu

Mtu akiniuliza afanye nini Pemba na ana usiku mmoja tu, namwambia aende Msitu wa Ngezi na muongozaji akamsikilize bundi wa Pemba. Wageni hufurahi. Watu wa kwetu hunitazama vibaya, maana kwetu bundi hatafutwi, hufukuzwa. Akilia karibu na nyumba yenye mgonjwa watu hutoka na mawe. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya wote wawili: mgeni anayetaka kujua kama pesa yake haitapotea, na Mpemba mwenzangu ambaye amepita Ngezi mara nyingi kwenda pwani ya Vumawimbi lakini hajawahi kushuka garini msituni jua likiwa limezama.

Ninafundisha biolojia katika skuli ya sekondari huku kaskazini mwa kisiwa, na nimekwishapeleka wanafunzi Ngezi mchana. Usiku ni jambo jingine kabisa.

Kwanza ndege mwenyewe. Bundi wa Pemba ni mdogo, urefu wake ni kama sentimita 20, ana rangi ya kutu na macho ya manjano. Hapatikani Unguja, hapatikani Tanga, hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwani kwetu. Aliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1937 na Pakenham, afisa wa serikali ya kikoloni aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar, ingawa wazee wetu walikuwa wakimsikia karne nyingi kabla yake. Mkondo wa bahari kati ya Pemba na bara una kina kirefu mno, na utengano huo wa muda mrefu ndio uliotupa ndege wanne ambao ni wa kwetu peke yetu: bundi huyu, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na kile kidege cha manjano chenye pete nyeupe machoni. Chozi na kidege cha manjano wanaishi vizuri hata kwenye bustani za mjini Chake. Bundi na ninga wanahitaji miti mikubwa, na miti mikubwa ndiyo inayopungua.

Kufika si kazi. Gari za abiria za kutoka Chake na Wete zinakufikisha Konde, na kutoka Konde unachukua bodaboda au gari ya kukodi kwenye njia ya Ras Kigomasha. Barabara inapita katikati ya msitu, na ukiingia tu chini ya miti unahisi hewa imebadilika. Ofisi ya hifadhi ipo kandokando ya njia hiyo hiyo. Matembezi ya usiku yanataka mipango, usijitokeze tu saa moja usiku ukategemea kumkuta mtu. Piga simu au pita mchana, kubaliana saa, lipa ada ofisini na uchukue risiti yako. Mkaazi na mgeni hawalipi sawa, na hilo mimi naliona ni haki.

Nilikwenda na mjomba wangu, ndugu wa mama, mkulima wa karafuu tangu ujana wake. Muongozaji wetu alikuwa kijana wa vijiji vya jirani. Alitusubiri tukaswali magharibi, kisha akatoa maelekezo machache bila kupiga domo: simu zizimwe sauti, tochi ielekezwe chini, asitangulie mtu, na akisimama yeye tusimame sote. Akampa mjomba fimbo. "Babu, ushike hii, mizizi mingine imejitokeza njiani." Adabu hiyo ilikuwa ileile tangu tulipoingia hadi tulipotoka.

Ndani ni giza la kweli. Mivule inakwenda juu mpaka huoni kileleni, na chini yake mipapindi, ule mnazi wa porini ambao asili yake ni Pemba, inasimama na magogo yake membamba. Komba walikuwa wakilia upande wa kushoto. Muongozaji hakuwa na haraka ya kutuonyesha kitu. Alitembea, akasimama, akasikiliza, akatembea tena. Alitwambia kwa sauti ya chini kwamba bundi huyu huanza kuita mara tu kunapoingia giza, na kweli hatukukaa sana. Likaja "hu" moja, fupi, likakatika. Kimya. Kisha "hu" nyingine. Baadaye zikaja kadhaa mfululizo, na upande wa pili wa njia mwengine akaitika. Muongozaji akainua vidole viwili: dume na jike.

Jambo nililolipenda kuliko yote ni kwamba hakutoa simu. Nimeona waongozaji wengine (nitalieleza hilo mbele) wanaocheza sauti ya bundi iliyorekodiwa ili ndege aje karibu. Huyu alikataa hata mjomba alipomuuliza kwa nini asimwite. Akaeleza kwamba ndege akisikia sauti ile anadhani bundi mwengine ameingia kwenye eneo lake. Anaacha kuwinda, anakuja kupigania kwake, na hakuna wa kupigana naye. Ukimfanyia hivyo usiku mmoja atasahau. Ukimfanyia kila usiku, kwa kila mgeni anayekuja, unamnyima chakula na unamtesa. Kwa hiyo tulingoja, na tukafuata sauti polepole.

Tulimwona kwenye tawi la chini, karibu na shina. Muongozaji aliwasha taa nyekundu kwa muda mfupi, akaishusha pembeni yake, si usoni. Vishungi vya masikio vilikuwa vidogo kiasi kwamba usingevijua kama huambiwi. Alikuwa na panzi mkubwa mguuni. Akauinua mguu ule mpaka mdomoni, akang'oa kichwa cha panzi, akatutazama, akaendelea kula. Mabawa ya panzi yalianguka kwenye majani makavu chini ya tawi na tuliyasikia yakianguka. Kisha taa ikazimwa.

Mjomba ndiye aliyevunja kimya. "Huyu ndiye anayetuletea misiba?"

"Babu, mimi nimezaliwa hapa jirani," kijana alisema. "Huyu analia kila usiku, na watu hawafi kila usiku."

Mjomba akatafakari. Akauliza kama yule anayelia kwenye mikarafuu yake ni huyuhuyu. Akaambiwa ndiye, kwani bundi wa Pemba anaishi pia kwenye mashamba ya karafuu yenye miti mizito na ya zamani. Hapo mjomba akauliza swali ambalo kwangu mimi lilikuwa zito kuliko yote ya usiku ule: "Basi huku mnamlinda kwa sheria. Kule kwangu analindwa na nini?"

Muongozaji mwengine angeruka swali hilo akatuuzia hadithi. Huyu alijibu kama lilivyo. Mpaka wa hifadhi, alisema, unaishia pale mashamba yanapoanza. Ndani ya mpaka ukikamatwa na panga au na mtego una kesi. Nje ya mpaka kuna vibali vya kukata miti, kuna sheha, yaani mkuu wa shehia, kuna kamati za vijiji. "Sheria ipo, babu. Mlinzi ndiye hayupo."

Nataka nikae kidogo hapo, kwa sababu wageni wengi huandika kuhusu Ngezi wakasifu miti na popo wakaondoka, na hawasemi kinachoufanya msitu uwepo mpaka leo.

Karne ya kumi na tisa Pemba ilifyekwa kwa ajili ya mikarafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo kisiwa chetu ndicho kilichobeba zao hilo. Msitu wa asili ukabaki vipande: Ngezi, Msitu Mkuu, Ras Kiuyu, na viraka vingine vidogo. Ngezi ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1959, na leo inajulikana kama hifadhi ya Ngezi na Vumawimbi. Bila tangazo lile, nina hakika pale pangekuwa na mihogo na nyumba, kama ilivyo kandokando yake pande zote.

Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya mwaka 1996. Ndiyo inayompa bwana misitu nguvu ya kuzuia ukataji ndani ya hifadhi, na ndiyo iliyofungua mlango kwa vijiji kuingia mikataba ya kusimamia misitu yao wenyewe. Wenzetu wa Tanzania Bara wanaokuja kutembea huniuliza kuhusu Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Ile haivuki bahari. Ni ya Bara tu, na huku mambo ya misitu na wanyamapori tunajitungia wenyewe katika Baraza la Wawakilishi. Na kama yupo anayefikiri kumbeba kinda wa bundi akamuuze nje ya nchi, ajue kwamba bundi wote duniani wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambao Tanzania imeusaini, na kumsafirisha bila kibali ni kosa.

Sasa turudi kwenye swali la mjomba. Mkarafuu una sheria yake. Kila Mpemba anajua kwamba huwezi kuuangusha ovyo, na anajua namna magendo ya karafuu yanavyofukuzwa kwa vikosi na doria msimu unapofika. Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya mwaka 2014 ipo na watu wanaihisi. Tunajua basi kwamba sheria inaweza kufika mpaka kwenye shamba la mtu binafsi, chini ya mti mmoja, pale serikali inapoamua kwamba mti huo ni mali. Ndege aliye juu ya mti huo hana bei, kwa hiyo hakuna doria inayokwenda kumwangalia. Mkarafuu mkongwe uliokufa unakatwa kwa kibali halali kabisa na mche mpya unapandwa, na mche huo utachukua miaka mingi kabla ya kuwa na majani mazito ya kumficha bundi mchana. Mvule wenye shimo, ambao bundi wa jamii hii hupenda kutaga ndani yake, unauzwa kwa wapasua mbao kwa sababu ndio mkubwa kuliko yote. Hakuna aliyevunja sheria. Bundi amepungua.

Na watu tumeongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Pemba watu 406,848, na ile ya mwaka 2022 ikapita laki tano na arobaini elfu. Kila nyumba inataka kuni, nguzo na kiwanja. Sisemi watu wasijenge. Nasema kwamba kumlinda ndege huyu kwa mpaka wa hifadhi peke yake ni kumlinda nusu, kwa kuwa nusu nyingine ya maisha yake iko kwa akina mjomba.

Tunao mfano wetu wenyewe na hatuna haja ya kuagiza kutoka nje. Popo wa Pemba, wale wakubwa, waliliwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakawa wamebaki wachache mno. Vijiji vikaunda vikundi vya kuwalinda, watu wakakubaliana kutokuwinda kwenye makazi yao, na wageni wakaanza kulipa kuwaona pale Kidike. Leo wanahesabiwa kwa maelfu. Wataalamu wa dunia walikuwa wamewaweka kwenye daraja la walio ukingoni kabisa mwa kutoweka, na mwaka 2008 wakawateremsha daraja. Popo wale hawakuokolewa na msitu wa serikali peke yake. Waliokolewa na wanakijiji walioweka jina la mnyama kwenye makubaliano yao na wakayashika.

Ndiyo maana nataka mikataba ya misitu ya vijiji iandike jina la bundi na la ninga waziwazi. Iseme miti yenye mashimo isikatwe, hata kama kibali cha mti kimetoka. Iseme ninga asiwindwe kwa manati wakati wa kulea. Mambo haya hayahitaji bajeti kubwa wala mtaalamu kutoka nje. Yanahitaji kikao cha shehia na kalamu.

Hapo nyuma niliahidi kusimulia waongozaji wengine. Niliwahi kwenda kumtafuta bundi na mtu wa kampuni moja ya utalii, nje ya hifadhi, kwenye mashamba. Tuliahidiwa bundi kwa uhakika, kama bidhaa iliyo rafuni. Yule bwana alifika na spika ndogo ya kuning'iniza, akaiwasha kwa sauti kubwa chini ya mikarafuu ya watu bila hata kubisha hodi kwa mwenye shamba. Bundi alikuja. Akamulikwa na tochi nyeupe usoni, akapigwa picha na mwanga wa kamera mpaka akashindwa kuruka, akabaki amefumba macho kwenye tawi. Wageni walifurahi na kutoa bakhshishi. Mimi nilimwomba azime, akasema "dada, hawa wamelipa." Mwenye shamba alitoka akiwa na hofu kwamba wezi wa karafuu wameingia. Huduma kama hii msiinunue, hata ikiwa nafuu, na muuzaji akikuahidi kwamba bundi ataonekana kwa vyovyote, muulize atamfanya vipi aonekane. Jibu lake litakutosha.

Na hapo pia naona kazi ya sheria. Kanuni za utalii zinaweza kusema waziwazi kwamba sauti za kurekodi na mwanga mkali haviruhusiwi kwa ndege aliye hatarini, popote alipo, ndani au nje ya hifadhi. Muongozaji mwema hataumia na kanuni hiyo. Tayari anaishi nayo.

Nikitoa alama zangu kwa matembezi ya Ngezi: muongozaji, tano kwa tano, kwa elimu, kwa subira na kwa kumheshimu mzee. Usalama, nne, kwa sababu njia ya usiku inateleza na mtu mwenye goti bovu ataihisi, ingawa fimbo ilisaidia. Thamani ya pesa, tano. Uhakika wa kumwona ndege siutilii alama, kwani ndege wa porini hana mkataba na mtu. Sisi tulimwona, na waliokwenda baada yetu kutoka skuli yetu walimsikia tu na wakarudi wameridhika.

Mjomba alirudi kimya mpaka Konde. Wiki iliyofuata alikuja mtu kutaka kununua mvule wake mkongwe uliopo mwisho wa shamba, wenye shimo kubwa ubavuni. Mjomba alimwambia mti hauuzwi, na alipoulizwa sababu alisema una mwenyewe. Sikumtuma, wala hakuniambia yeye, nimeyapata kwa mke wake.

Ya kujua kabla ya kwenda: vaa suruali ndefu na viatu vilivyofunika vidole, maana siafu wapo. Msimu wa masika sehemu za chini za msitu hujaa maji, uliza kwanza. Beba maji ya kunywa, tochi yenye taa nyekundu kama unayo, na darubini kwa wale watakaofika mapema kumtafuta ninga kwenye mitini kabla ya jua kuzama. Manukato makali yaache nyumbani. Kwa wasiolala Konde wala Kigomasha, panga kabisa na dereva wa kukurudisha, kwani usiku gari za abiria hakuna. Na kama wewe ni mwalimu wa Pemba, andika barua ofisini mapema upeleke wanafunzi wachache wachache. Watoto ishirini na tochi ishirini hawatasikia kitu. Sita wanatosha, pamoja na mzazi mmoja mwenye shamba la karafuu, na huyo mzazi ndiye umtafute kwanza.